Sitara haipotei hospitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tiba ya maradhi ya akili, Unguja na Pemba

Maswali haya nimeulizwa tangu nilipoacha kuficha kwamba nimewahi kutibiwa sonona. Hakuna aliyeniuliza mbele za watu. Hunivuta pembeni khitma ikimalizika, au jikoni kwenye shughuli tukimenya vitunguu, au melini kati ya Malindi na Mkoani, ambako mlio wa injini unafunika maneno. Mimi ni mwalimu wa skuli, si daktari. Niliumwa miezi 14 kabla sijatibiwa, na miezi hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Mambo ya dawa nimeyauliza kwa wauguzi na madaktari kabla ya kuyaweka hapa.

Kama hivi sasa unafikiria kujiua, ruka yote uende kwenye swali linalohusu hilo. Bora zaidi, mwamshe mtu aliye karibu nawe.

Kila mtu ana mawazo. Nitajuaje kama yangu ni maradhi?

Ni kweli, kila mtu ana mawazo. Karafuu zisipozaa, mwani ukifa kwa joto la maji, mume akichelewa kuleta matumizi, lazima roho itaabike. Angalia muda, na angalia kazi zako. Huzuni ya kawaida inakuachia nafasi: asubuhi umelia, jioni mtoto akifanya kituko unacheka. Sonona haikuachii. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, huna raha hata na vile ulivyokuwa ukivipenda, usingizi umekukimbia au unalala kutwa, chakula hakipiti, na kazi ulizozizoea zinakushinda, hapo ni pa kwenda kuuliza.

Kuna jambo ambalo huku kwetu hatulitambui upesi: maradhi haya hujisemea kwa mwili. Kichwa kinagonga, kifua kinabana, mgongo unawaka, moyo unakwenda mbio usiku bila ya sababu. Mtu anapima presha, anapima malaria, anapima sukari, kila mara anaambiwa hana kitu. Ana kitu, ila kimekaa pasipofikiwa na kipimo cha presha. Hata hivyo ni vyema mwili upimwe kwanza, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni yanaweza kuleta unyonge unaofanana kabisa na sonona.

Wengi wakisikia maradhi ya akili wanamfikiria yule anayepita Darajani akizungumza peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Panda daladala ya Bububu iliyojaa, kisha uhesabu.

Nikionekana Kidongo Chekundu watu watasema nini?

Watasema. Sitakudanganya. Tumekua tukilisikia jina la hospitali ile ya maradhi ya akili likitumiwa kama tusi, mtoto akifanya ujinga anaambiwa atapelekwa huko. Naamini jina hilo limewarudisha watu wengi njiani kuliko umbali wowote.

Lakini si lazima uanzie pale. Anzia kituo cha afya cha karibu, au cha mtaa wa pili kama hutaki jirani akuone. Nenda Mnazi Mmoja, ambako watu wanaingia kwa macho, meno, mifupa na uzazi, na hakuna anayejua wewe umefuata nini. Kwa Pemba, hospitali za Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni zote zina mlango wa wagonjwa wa nje, na mlango huo ni mmoja kwa mwenye homa na kwa asiyelala. Ukishaingia kwa daktari, ulizia muuguzi wa afya ya akili na siku anazokuwepo. Kidongo Chekundu utapelekwa ikiwa hali yako inahitaji bingwa au kulazwa, na hata huko wengi wanakwenda kliniki, wanachukua dawa, wanarudi nyumbani kupika chakula cha mchana.

Sasa hilo neno sitara. Tumelelewa kwamba la ndani halitoki nje, na mimi bado naamini hivyo. Ila nilichanganya mambo. Sitara ni ya mtu. Mimi nilikuwa nikiusitiri ugonjwa, na huku mtu mwenyewe ameanikwa juani: nililia mbele ya watoto wa darasa la nne, majirani walijua sipiki, mavyaa alijua nguo za mtoto hazifuliwi. Walioona ni wote. Asiyeona ni yule tu mwenye uwezo wa kunitibu. Katika nyumba zote nilizokuwa nikiingia miezi ile, chumba cha daktari ndicho peke yake kilichofungwa mlango kwa ajili yangu.

Mhudumu wa afya anabanwa na maadili ya kazi yake atunze siri ya mgonjwa, isipokuwa pale ambapo roho ya mtu iko hatarini. Una haki ya kumuuliza kabla hujaanza: "Haya nitakayokwambia yataandikwa wapi, na nani atayasoma?"

Kama ni mashetani au husda, hospitali watafanya nini?

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na anayeuliza hafanyi mzaha. Sibishani na mtu juu ya majini. Mimi ni Muislamu na yametajwa katika Qurani. Mama alinipeleka kwa maalimu, nikasomewa, nikanywa kombe siku 7. Usiku wa kusomewa nililala, na nafsi ilitulia kweli. Wiki ya pili nikarudi palepale. Tukaenda kwa mwengine, halafu kwa mganga wa kijiji cha tatu, na bangili mbili za mama zikauzwa. Simlaumu mama. Alikuwa akinitafutia uzima kwa njia alizozijua.

Ninachomwambia kila anayeniuliza ni ashike vyote viwili, kimoja kisimfukuze mwenzake. Katika Hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hakusema ni maradhi ya tumbo tu. Waislamu wa zamani walilifahamu hilo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, akaipambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomshukia mtu bila ya kujua imetoka wapi. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kumtibu mgonjwa wa akili hospitali ni mambo ya kizungu, historia haiko upande wake.

Maalimu mwema utamjua kwa kuwa hakukatazi hospitali. Yeyote atakayekwambia utupe dawa, au atakayetaka mgonjwa afungwe mnyororo, apigwe, anyimwe chakula au afukizwe mpaka akose pumzi, mchukue mgonjwa wako muondoke hapo hapo, hata kama mmeshalipa.

Na tafadhali, mtu anayeanguka na kutoa povu msimzungushe kwa waganga miaka. Kifafa kina dawa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila ya kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Kwenda kwa daktari si kukosa subira?

Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na Qurani inatusimulia hayo katika Sura Yusuf bila ya kumlaumu. Mtu akianguka kwenye mkarafuu akavunjika mguu, hakuna anayemwambia abaki pale chini ya mti avute subira. Anabebwa. Subira yake inaanza akishafungwa mguu, katika zile wiki za kungoja mfupa ushike.

Dawa si zitanifanya zezeta? Na nikianza, nitaweza kuacha?

Kwanza, si kila mtu anapewa dawa. Mwenye hali nyepesi mara nyingi huanzishiwa mazungumzo, yaani vikao vya ushauri nasaha au vya mwanasaikolojia. Dawa za sonona kama fluoxetine na amitriptyline hazimteki mtu kama unga au pombe. Taabu yake ni kwamba hutangulia kukuudhi kabla ya kukusaidia. Mdomo mkavu, kichefuchefu au usingizi mzito huja siku za mwanzo. Nafuu huja baada ya wiki 2 mpaka 4, wakati mwengine 6. Hapo katikati ndipo watu wanapozitupa. Mimi nilizitupa siku ya 9, na nikalazimika kuanza upya.

Ukipata nafuu usiache siku hiyo. Kawaida daktari atataka uendelee angalau miezi 6 tangu upate nafuu, kisha atapunguza kidogo kidogo. Zenye hatari ya kumzoesha mtu ni zile za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, za jamii ya diazepam, ndiyo maana hutolewa za siku chache. Usizinunue dukani kwa maneno ya shoga yako.

Dawa za maradhi makubwa, ya kusikia sauti au kuona visivyoonekana na wengine, zinaweza kumfanya mtu awe mzito, shingo ikakamae, mikono itetemeke, mate yamtoke. Hicho ndicho watu wanachokiita uzezeta. Mrudisheni hospitali mkaseme. Dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa, na ipo dawa ya kutuliza huko kukakamaa. Mgonjwa asiachwe akaishi hivyo kwa kudhani ndivyo tiba ilivyo.

Na mwezi wa Ramadhani?

Nenda kliniki Shaabani, mapema, mpange pamoja. Dawa nyingi za mara moja kwa siku huhamishika kwenye futari au daku. Anayetumia lithium, dawa ya bipola, yaani maradhi ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ana tahadhari ya pekee, kwani mwili ukikosa maji dawa huweza kupanda katika damu mpaka ikawa sumu. Mwenye bipola naye alinde usingizi wake, maana kukesha usiku kucha kunaweza kumrudishia maradhi. Daktari akikukataza kufunga, ruhusa ya mgonjwa ipo katika Suratul Baqara.

Kaka yangu amebadilika kabisa, lakini hataki kusikia habari ya hospitali.

Wanaume wetu wamefunzwa kwamba mwenye kulalamika si mwanamume, kwa hiyo neno "akili" likitajwa tu anasimama na kuondoka. Usianzie hapo. Anzia kwenye lile analolilalamikia mwenyewe: "Kaka, wiki ya tatu hii naona hulali. Twende tukaulize habari ya usingizi, nitakusindikiza." Mzungumze mkiwa wawili, mkitembea au mko garini, si mbele ya kikao cha ukoo ambapo kila mjomba ana la kusema.

Halafu fikiri ni nani anayemuonea muhali. Kwa wengine ni mama, kwa wengine ami yake, au rafiki waliyekaa pamoja chuoni wakisoma msahafu. Muhali mara nyingi unatufunga midomo pale tunapotakiwa kusema, na nimeuchukia kwa hilo. Lakini nimeona pia ukimvusha mtu kizingiti cha hospitali baada ya miaka miwili ya kukataa, kwa sababu aliyemuomba ni mzee ambaye hakuweza kumwambia hapana. Akikataa leo, msigombane. Rudi wiki ijayo na maneno yale yale.

Msimdanganye kwamba mnakwenda kumtazama mgonjwa. Familia moja ninayoijua ilifanya hivyo, na tangu siku ile kijana wao haamini hata kikombe cha chai anachopewa.

Ikiwa anatishia kujidhuru au kudhuru watu, au hajala wala kulala siku kadhaa, hapo hamngoji akubali. Mpelekeni, na muombeni sheha awasaidie usafiri na watu.

Mzazi wetu amejifungua, yuko ndani ya arubaini, analia kila siku. Si uchovu tu?

Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida, na huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Yakipita hapo, au yakianza baadaye, ni jambo jengine. Duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao 13 kati ya 100 waliojifungua hupata maradhi ya akili, zaidi sonona, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20.

Yangu mimi yalianza hapo, kwa mtoto wa tatu. Nilikandwa, nikanywa uji wa pilipili manga, nikatunzwa na wifi zangu usiku na mchana. Na bado nilikuwa nikimtazama mtoto naona kama nimeazimwa. Niliona haya kulisema, kwa sababu sikukosa kitu. Ningemwambia muuguzi siku ya chanjo ya kwanza, mtoto akiwa mapajani, ningejiokolea mwaka mzima. Kliniki ya mtoto ni pahala pazuri pa kusema, kwani mama yeyote anategemewa kuwa pale.

Mzazi asiyelala kabisa siku 2 au 3, anayesema maneno yasiyoshikana, anayesikia sauti, au anayesema mtoto amebadilishwa au ni shetani, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake na mtoto hata kwa muda wa kwenda kuchota maji.

Tangu ajali ya meli siwezi kupanda boti. Miaka yote hii, bado kuna tiba?

Ipo. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na MV Skagit ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012. Wako waliookoka, na waliofiwa, ambao mpaka leo harufu ya mafuta ya meli inawatoa jasho. Miaka kupita hakuzuii kutibiwa. Tiba ya mazungumzo kwa hofu ya namna hii hwenda hatua kwa hatua, na huenda hatua ya kwanza ikawa ni kukaa Forodhani tu na kuitazama bahari, mtu akiwa na wewe.

Nafikiria kujiua.

Nakuomba usibaki peke yako leo. Mwambie mtu mmoja, kwa maneno hayo hayo, usizunguke. Mpe akushikie dawa na sumu zote zilizomo ndani. Nenda hospitali ya karibu saa yoyote, hata saa nane za usiku, na sema mlangoni kwamba unaogopa utajidhuru. Namba ya dharura ni 112. Mtoto, au mtu mzima anayemhofia mtoto, anaweza kupiga 116 bure.

Fikra hizi hujaa na kupwa kama maji. Zikiwa zimejaa unaona hazitashuka kamwe. Zinashuka. Kazi ya usiku huu ni kuyangoja maji yapwe ukiwa na mtu pembeni.

Na wewe unayeambiwa: usimwambie kwamba ni dhambi, anajua, na huenda ndiyo iliyomnyamazisha mpaka leo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kaa naye mpaka mfike kwa wa kumtibu.

Mwanangu anatumia unga. Ni ugonjwa au ni tabia?

Ni ugonjwa, na mara nyingi umefuatana na mwengine uliokuwepo kabla yake. Tiba ya methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga chini ya uangalizi, ipo Kidongo Chekundu. Zipo pia soba hausi, nyumba wanamokaa wanaoacha unga, Unguja na Pemba. Kabla ya kumpeleka kwenye moja, uliza wanafanya nini mtu akipandwa na hasira, na kama mgonjwa anaruhusiwa kuendelea na dawa zake.

Nilikwenda mara moja, nikatendewa vibaya.

Na mimi pia. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, niliulizwa kwa sauti mbele ya benchi zima, "Wewe ndiye wa akili?" Niligeuka nikaondoka, nikakaa miezi 5 mengine bila ya tiba. Kosa lilikuwa lao, na aliyelilipa ni mimi na watoto wangu. Safari ya pili nilikwenda kwengine, na nilikwenda na dada yangu, ambaye alitangulia mbele na kusema, "Mgonjwa wangu anataka kuzungumza faragha." Mchukue mtu wa namna hiyo. Kupata mhudumu mmoja mbaya hakukufungii milango ya wengine wote.

Gharama je?

Anzia hospitali za Serikali. Kama unachangia Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, chukua kadi yako. Kinachowalemea wengi ni nauli na siku ya kazi inayopotea, kwa hiyo ukikaa mbali, kama Kojani au Tumbatu, muombe daktari akupe dawa za mwezi mzima hali yako ikishatulia.

Nikifika pale nitasema nini? Naogopa sauti haitatoka.

Basi usiseme. Andika nyumbani, kwa mwandiko wako, mistari mitatu tu. Tangu lini, nini kimebadilika, nini unakiogopa zaidi. Kunja karatasi, itie ndani ya cheti chako cha hospitali, na ukifika mpe muuguzi.

Yangu niliiandika kwenye ukurasa wa daftari la mwanafunzi. Ilisema: "Silali tangu mwezi wa pili. Watoto wangu siwahisi. Naogopa nitawaacha." Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Aliisoma, akainuka akaenda kufunga mlango, akarudi akavuta kiti upande wangu wa meza, akasema, "Kaa vizuri, mwanangu. Leo hatuna haraka."